Msiipasue piano ya kanisa kwa kuwa haishiki sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu wa Njombe aliyewashauri wazee wa makanisa waziuze piano zao za zamani kwa maseremala na kununua vinanda vya umeme. Anasema piano hizi hazishiki sauti: ukizituni leo, yaani ukikaza na kulegeza nyuzi zake mpaka sauti zilingane, wiki ijayo zimeharibika. Kinanda cha umeme sikikatai, hata kwaya yetu hapa Kihesa inacho. Lakini nimetuni piano kwa miaka 26 katika mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya, na maneno hayo yameniuma. Piano nyingi ninazoitiwa ziliharibiwa na watu waliozituni vibaya, kisha zenyewe ndizo zikahukumiwa.

Mwaka jana mwezi Oktoba niliitwa kwenye kanisa moja la Mufindi, ndani kabisa, njia ya mashamba ya chai. Nilipofika nilimkuta kijana seremala ameshatangulia na futi yake, anapima ubavu wa piano. Wazee walikuwa wamekubaliana kwamba fundi wa sauti akishindwa, seremala achukue mbao atengeneze kabati la majoho ya kwaya. Nilimwomba yule kijana asiondoke, maana nilihitaji mtu wa kunishikia tochi. Akakaa nami siku tatu.

Piano yenyewe ni ya kusimama, ya Kiingereza, ina vitufe 85 badala ya 88 vya siku hizi, na ni ya aina ambayo mafundi wengi wanaikimbia: vizimio vyake, vile vinavyonyamazisha nyuzi, viko juu ya nyundo. Ukitoa ubao wa mbele unakutana na safu ya nyaya nyembamba zilizosimama wima kama tundu la ndege. Nyuma yake ziko nyundo, na nyuma ya nyundo ndipo zilipo nyuzi. Huwezi kupenyeza kabari ya mpira ya kunyamazishia nyuzi upendavyo kama kwenye piano nyingine. Halafu aliyenitangulia alikuwa ametumia koleo la fundi bomba. Vichwa vya pini zinazokaza nyuzi, ambavyo vinatakiwa viwe vya mraba ili ufunguo wa kutunia uvikamate, vilikuwa vimeanza kuviringika. Na pini sita za katikati zilikuwa zimetiwa mafuta ya mashine. Nasema wazi kwa yeyote anayesoma: pini ya piano haitiwi mafuta hata siku moja. Inashikwa na msuguano wa mti tu, haina nati nyuma ya kuikaza. Ukilainisha mti, umeifungulia.

Nilipiga uma wangu wa sauti, kile chuma cha meno mawili kinachotoa nota moja tu, A, kisha nikapiga A ya piano. Tukigawa nusu toni, yaani hatua ya kutoka kitufe kimoja hadi kinachokifuata, katika sehemu mia, piano ilikuwa chini kwa sehemu 70 hivi. Uma wangu ni wa mitetemo 440 kwa sekunde, kiwango kilichokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939. Kabla ya hapo kila nchi ilikwenda kivyake; Ufaransa, kwa mfano, iliweka 435 mwaka 1859. Kwa hiyo piano ya zamani kuwa chini ya uma wako peke yake hakujawa kosa. Kosa ni nyuzi kutolingana zenyewe kwa zenyewe, na hizi zilikuwa kila moja na lake.

Hapo ndipo fundi mwenye haraka anapoua piano. Anachukua ufunguo, anavuta kila uzi mpaka ufike 440. Piano ya kawaida ina nyuzi 230 hivi: nota za chini kabisa zina uzi mmoja mmoja mnene uliozungushiwa shaba, zinazofuata zina mbili mbili, zilizobaki tatu tatu. Mvuto wa nyuzi zote kwa pamoja ni kati ya tani 15 na 20, na wote unabebwa na fremu ya chuma pamoja na gogo la pini, yaani mti ambamo pini zimezama. Kwenye piano ya Mufindi fremu ile haikufika juu, gogo la pini limejibebea lenyewe. Ongeza hapo kutu, na miaka isiyojulikana bila kuguswa.

Mwaka wangu wa tatu wa kazi niliipandisha piano kama hiyo nusu toni nzima kwa siku moja, katika shule moja ambayo sitaitaja. Zilikatika nyuzi nne. Moja ilikuwa ya bezi, ya shaba, na mimi sina nyingine, wala mjini hakuna. Mwalimu wa muziki alisimama pale akitazama uzi uliojikunja bila kusema neno, na wanafunzi wake walikuwa na mtihani. Mzee aliyenifundisha kazi, sasa ni marehemu, alikuja siku ya pili akaniunganishia kwa fundo: kipande cha waya wa piano wa unene uleule kinafungwa kwenye mkia wa uzi uliokatika, vitanzi viwili vinaumana, ukivuta vinakazana. Fundo hilo bado lipo, na uzi unalia vizuri. Lakini sijasahau siku ile, na tangu hapo kabla ya kuupandisha uzi wenye kutu huwa naulegeza kwanza kidogo mpaka nisikie umeachia pale ulipogandana na chuma, ndipo naanza kuuvuta.

Mufindi sikupandisha. Nilishusha. Sehemu 70 kwenda juu ni hatari, ila sehemu 30 kwenda chini zinaifikisha piano nusu toni kamili chini ya kiwango, A yake ikawa mitetemo 415 hivi. Namna ya kufanya ni rahisi: unapiga uma wa A, halafu unakituni kitufe cheusi kinachofuata, A kali, kilingane nao. Kuanzia hapo piano nzima inakaa nusu toni chini, sawasawa, na mtu anaweza kuihesabia.

Wazee waliposikia neno kushusha walinuna. Niliwaeleza kama ninavyokueleza wewe, Mhariri. Kwaya zetu zinaimba kwa solfa: do, re, mi, fa, so. Do inahama. Mwalimu akipewa do ya wimbo, sauti nne zinajipanga juu yake, hakuna mwanakwaya anayeuliza do ile ina mitetemo mingapi. Waimbaji wa solfa ndio watu wanaofaa kuliko wote kukaa na piano ya zamani iliyoshushwa. Kinanda cha umeme nacho kina kitufe cha kuhamisha sauti zote kwa nusu toni. Bonyeza mara moja kwenda chini, kinalingana na piano. Ugumu upo kwenye matarumbeta, na huo siufichi. Bendi ikipiga katika B nyororo (B flat), mpiga piano analazimika kupiga katika B yenye alama tano za kupandisha, na si kila mpigaji wetu anaiweza. Wazee walikubali kwamba siku za matarumbeta piano itapumzika.

Sasa nije kwenye kushika sauti, ambako ndiko msomaji wa Njombe alikoshikia bango.

Uzi wa piano unazungushwa kwenye pini, na pini imezama ndani ya mti mgumu. Ukigeuza kichwa cha pini, mguu wake ulioko ndani haugeuki papo hapo. Pini inajisokota kwanza, kama nguo unayoikamua. Sauti inapanda, fundi anafurahi, anaondoa ufunguo. Usiku ule pini inajisokotoa na sauti inarudi chini. Ndiyo ile "umeituni leo kesho imeharibika". Fundi anayejua anasubiri mkononi mwake kale kahisia ka mguu wa pini kugeuka ndani ya mti. Anapitiliza kidogo juu ya sauti anayoitaka, kisha anairudisha chini taratibu mpaka itulie, na huku anapiga kitufe kwa nguvu. Ni lazima kipigwe kwa nguvu, kwa sababu uzi unapita chini ya fimbo ya chuma inayoukandamiza, na kile kipande kilicho juu ya fimbo kinaweza kuwa kimekazwa kuliko kile kinacholia. Pigo zito linavisawazisha. Ukipiga kwa adabu, mpigaji wa Jumapili atakusawazishia yeye, katikati ya ibada.

Kwenye piano ya kusimama lipo jambo la pili. Pini zimelala, zinamtazama fundi, na nyuzi zinashuka chini kutoka kwenye pini. Ukiweka mpini wa ufunguo ubavuni, kama mshale wa saa tisa, na kuusukuma chini, unaipinda pini kuelekea kwenye uzi na sauti inakudanganya. Ukiachia, pini inanyooka na sauti inakimbia. Mpini unatakiwa usimame, kama mshale wa saa sita kamili, au uegemee kulia kidogo kama saa saba. Hapo nguvu yako inakwenda pembeni, uzi hauijui. Bega linachoka mno. Nilipokuwa kijana nilimaliza piano mbili kwa siku, sasa moja tu, na siku inayofuata napumzika.

Baadhi ya pini za Mufindi zilikuwa za kurukaruka. Unavuta, hakuna kitu, unavuta, hakuna kitu, halafu tiki! imepita mbali. Pini kama hizo sizivuti. Nashika mpini kwa vidole na kuupiga visukumo vifupi vikavu, kila kimoja kikiisogeza pini unywele mmoja. Kijana seremala aliniambia ndivyo anavyoingiza kigingi kwenye mninga mkavu. Nilimpa ufunguo ajaribu kwenye pini moja ya bezi na mkono wake ulielewa kabla sijamaliza kueleza.

Pini zilizolegea ziko za namna mbili. Iliyolegea kidogo tu naigonga ndani kwa nyundo na kipande cha chuma maalumu. Iliyozidi hapo inahitaji gundi nyepesi, ile ya maji tunayoiita supagluu: piano inalazwa chali, matone machache yanawekwa kando ya pini yapenye yenyewe ndani ya mti, madirisha yakiwa wazi kwa sababu moshi wake unachoma macho, na piano haiguswi mpaka kesho yake. Vijana sita wa kwaya walitusaidia kuilaza. Zile zilizotiwa mafuta nilizing'oa, nikasafisha matundu kwa spiriti na kuweka pini nene zaidi. Nne zimeshika. Mbili bado nazitilia shaka.

Kuhusu kabari: kwa kuwa mipira yangu haikupita kwenye lile tundu la ndege, nilitumia kibanio cha mwanzi nilichochonga mwenyewe miaka mingi iliyopita, mwanzi uleule tunaogema ulanzi, miguu yake miwili nimeivika vipande vya kofia ya sufu. Kinabanwa, kinapita kati ya mikono ya nyundo, kikiachiwa kinajitanua na kunyamazisha nyuzi mbili, unabaki na mmoja wa kusikiliza. Huwa natuni uzi mmoja kwanza, halafu nafungua wa pili uungane nao, halafu wa tatu. Nyuzi mbili zisipolingana zinatoa mawimbi, u-wa-u-wa-u-wa. Unavyokaribia yanapungua kasi, na zikilingana sauti inasimama kama maji ya bwawa. Mtu asiyejua muziki kabisa anausikia ulinganifu huu kuliko kitu kingine chochote kwenye piano, kwa hiyo ndiko ninakotumia muda mrefu.

Mpangilio wa katikati una hesabu yake. Mwanakwaya wa solfa akiimba do na so, anaziimba safi, bila wimbi. Ukizituni so zote 12 safi hivyo, kila so ikiwa do ya inayofuata, ukazunguka mpaka kurudi ulipoanzia, unakuta umepitiliza kwa karibu robo ya nusu toni. Ziada hiyo lazima igawanywe. Kila so inapunguzwa sehemu mbili tu katika zile mia, unasikia wimbi moja la polepole kwa sekunde moja au mbili. Mi ndiyo inayobeba mzigo: inakaa juu ya mi ya waimbaji kwa sehemu 14 hivi, na katika oktavu ya katikati, kutoka F hadi A, inatoa mawimbi karibu 7 kwa sekunde. Ukipanda kitufe kimoja kimoja, mawimbi hayo ya do na mi yanatakiwa yaongezeke kasi kidogo kidogo, bila kuruka wala kurudi nyuma. Yakiruka, rudi ulikotoka, kuna so uliyoikosea.

Vijana wananiuliza kuhusu programu za simu zinazotuni. Ninayo moja, inanisaidia kupima piano iko chini kiasi gani. Lakini piano fupi ya kusimama ina nyuzi fupi na nene, na uzi wa namna hiyo ni mgumu kama fimbo, sauti ndogo zinazozaliwa ndani yake hupanda kuliko hesabu ya kitabuni. Ukituni kila nota kwa namba tupu, oktavu zinagombana: juu panasikika pamelala, bezi inasikika imepanda. Inabidi juu pavutwe kidogo zaidi na chini pashushwe kidogo zaidi, na kiasi chake kila piano ina chake. Zipo programu zinazoisikiliza piano kwanza na kulihesabu hilo. Hata hizo haziwezi kukuambia kama mguu wa pini umegeuka.

Siku ya kwanza Mufindi nilishusha zote harakaharaka bila kujali usafi. Nilipofika mwisho na kurudi mwanzo, nyuzi za mwanzo zilikuwa zimepanda zenyewe, kwa sababu mzigo juu ya ubao wa sauti, ule ubao mpana ulio nyuma ya nyuzi na unaozikuzia sauti, ulikuwa umepungua na ubao ukainuka. Ndivyo inavyokuwa, na ukipandisha inakuwa kinyume chake: za mwanzo zinashuka, ndiyo maana anayepandisha hupitiliza kwa karibu robo ya pengo katika mzunguko wa kwanza. Siku ya pili nilipita tena. Siku ya tatu ndipo nilipotuni kweli.

Niliwaambia wazee waziwazi kwamba Krismasi wataikuta imehama, na sababu yake waliielewa haraka kuliko watu wa mjini. Ubao wa sauti ni wa sprusi, mti wa jamii moja na paina. Fundi yeyote wa Mafinga anayepasua mbao za Sao Hill anajua ubao unavyofura ukipata unyevu na unavyosinyaa ukikauka. Septemba na Oktoba hewa yetu ni kavu kabisa, ubao unalala, nyuzi zinalegea. Mvua zikishika, kuanzia Desemba mpaka Aprili, ubao unavimba, unainua daraja linalobeba nyuzi, na sauti inapanda, hasa katikati, huku bezi ikibaki karibu na ilipokuwa. Hilo si kosa la fundi wala la piano. Ndiyo maana kutuni mara moja kwa mwaka, wiki ya sikukuu tu, hakutoshi huku kwetu. Mimi nawaomba mara mbili: mwezi Februari mvua zikiwa zimeshakolea, na mwezi Agosti. Na piano isikae chini ya dirisha, wala kwenye ukuta unaopigwa na mvua, wala kwenye jua la asubuhi linalopenya mlangoni.

Nilirudi juma la pili la Desemba. Katikati palikuwa pamepanda kama nilivyosema, bezi imetulia. Kazi ilinichukua saa tano tu. Pini hazikuwa zimeteleza.

Ninaloomba kupitia gazeti lako ni hili. Viongozi wa dayosisi, majimbo na parokia, kabla hamjaamua kupasua piano, mwiteni mtu aipime. Ubao wa sauti uliopasuka unaweza kuzibwa, nyuzi zinabadilishwa, lakini fremu ya chuma ikipasuka hapo nitawaambia mwenyewe kwamba imekwisha. Msimwite fundi mwenye koleo. Na vyuo vya ufundi vyenye useremala, hapa Iringa na Mbeya, vifikirie kuwapa vijana wawili watatu wanaoimba kwaya nafasi ya kujifunza kazi hii. Sikio la solfa tayari wanalo, mti tayari wanaujua. Mimi nitawafundisha bila malipo, kwa sababu mafundi tunaojuana katika mikoa hii mitatu tunahesabika kwa vidole vya mkono mmoja na wote tumeota mvi.

Yule seremala ameshaanza. Amechonga kibanio chake mwenyewe cha mwanzi, kizuri kuliko changu, na kabati la majoho amelitengeneza kwa paina. Ndani ya piano, kwenye ubavu wa kitufe cha kwanza, tuliandika kwa penseli mwezi na mwaka, pamoja na maneno "nusu toni chini", ili fundi atakayekuja baada yetu asije akaivuta. Februari tutapanda wote basi la Mafinga kwenda kuitazama, na safari hii oktavu ya katikati ataituni yeye.

Wako,
Fundi wa piano na mwalimu wa kwaya,
Kihesa, Iringa